Fotoniki na Hesabu ya Mwanga

Spektroskopia, yaani taaluma ya kuutawanya mwanga wa nyota katika rangi zake ili viambato, joto na mwendo wa nyota hiyo vijulikane, imedai vyombo vikubwa zaidi kila darubini zilipokuzwa. Sababu kuu ni angahewa, kwa kuwa hewa isiyotulia huivuruga taswira ya nyota, na kioo kinapoongezwa upana, spektrografu inayotawanya mwanga huo nayo sharti ipanuliwe ili isipoteze ubainifu wake. Kwa darubini ya ELT inayojengwa Cerro Armazones nchini Chile, ambayo kioo chake kina upana wa mita 39, kanuni hiyo inazaa vyombo vizito vya gharama kubwa mno.

Fotoniki, ambayo ni teknolojia ya kuuongoza mwanga ndani ya nyuzi na vipande vidogo vya kioo, inatazamiwa kuikwepa kanuni hiyo. Chimbuko lake ni biashara ya simu: mikongo ya baharini, ikiwemo iliyofika Mombasa mwaka 2009, husafirisha mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 1.55, na kwa bahati njema angahewa huupitisha mwanga huohuo wa infraredi kutoka angani.

Mfano unaofundisha zaidi ni GNOSIS, chombo kilichofungwa mwaka 2011 katika darubini ya Anglo-Australian huko Siding Spring, Australia. Katika infraredi usiku hauna giza la kweli, kwani molekuli za haidroksili zilizo takriban kilomita 87 juu hutoa mistari myembamba ya mwanga inayozifunika galaksi hafifu. GNOSIS kilikusudiwa kuzuia jozi 103 za mistari hiyo kwa nyuzi ambazo kiini chake kimechorwa kwa mwanga wa urujuanimno, ili kiakisi mawimbi yaliyochaguliwa na kuyapitisha mengine. Mchoro huo hufanya kazi barabara pale tu mwanga unapokuwa na njia moja ya kupita, ilhali uzi wa njia moja ni mwembamba mno kuipokea taswira iliyovurugwa na hewa. Ndiyo maana ilitumika taa ya fotoniki, ambamo nyuzi 19 za njia moja huyeyushwa pamoja na kuvutwa upande mmoja hadi ziwe uzi mmoja mpana. Mistari ilizimwa kama ilivyopangwa, na hayo si mafanikio madogo. Lakini anga iliyo baina ya mistari haikuonekana kuwa nyeusi zaidi, kwa kuwa mwanga mwingi ulipotea njiani na uliosalia ukazidiwa na kelele za kihisi.

Kwa upande mwingine, chombo cha GRAVITY, kinachounganisha kwa kipande cha kioo mwanga wa darubini nne za mita 8.2 huko Paranal, kilifuatilia nyota S2 ilipolikaribia shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu mwaka 2018. Hapo, vioo vinavyojipinda kufuata mtikisiko wa hewa huituliza taswira kwanza, kisha ndipo mwanga uingie kwenye uzi. Kwa maoni ya toleo hili, fotoniki itashinda mapema palipo na utulivu wa namna hiyo, na udogo wa kifaa pekee si hoja. Kwa hiyo waandishi wa matoleo yajayo wanaombwa kutaja asilimia ya mwanga uliokusanywa na darubini ambayo hufika kwenye kihisi, na makala isiyo na tarakimu hiyo itarudishwa kwa mwenyewe.