Mpeni mgonjwa maelezo kabla ya kufunga mlango wa CT-Scan

Mgonjwa mwenye kidonda cha mdomoni kisichopona anapopelekwa CT-Scan, mara nyingi maelezo anayopewa ni maneno mawili tu: lala, tulia. Mlango unafungwa, meza inasogea, naye anabaki akijiuliza atatuliaje wakati mate yamejaa na koo linamkereketa. Kwa saratani za kinywa na midomo, maneno hayo mawili hayatoshi.

Mguu ukiambiwa utulie, hutulia. Ulimi sivyo. Tunameza mate bila kukusudia, na kumeza mara moja tu wakati mashine inapiga kunaweza kuivuruga picha. Isitoshe, shavu limelalia fizi, mdomo umelalia meno. Uvimbe mdogo ulio katikati yake unaweza usionekane kabisa, au ukaonekana bila daktari kujua umeanzia upande gani. Ipo njia ya kutatua hilo, tena haina gharama: mgonjwa hufumba midomo, hujaza hewa mashavuni kama anayepuliza puto, huku akipumua taratibu kwa pua. Hewa hiyo hutenganisha shavu na fizi. Mpasuaji anahitaji kuliona hilo kabla hajaamua akate wapi.

Sasa, nani anaweza kufanya hivyo kwa mara ya kwanza akiwa tayari amelala mezani, ana hofu, na kidonda kinamuuma? Anatakiwa ajaribu nje, akiwa amekaa kwenye benchi, mara mbili tatu. Akishindwa, mtaalamu ajue mapema.

Mkao nao una sababu zake. Mgonjwa hulala chali, kichwa kimenyooka, kidevu kimeinuka kidogo, mabega yameshushwa. Kichwa kikiegemea upande mmoja, taya la kulia na la kushoto hayalingani kwenye picha, na daktari husoma picha hizo kwa kulinganisha. Mabega yakipanda, hutia michirizi sehemu ya chini ya shingo, nako pia daktari hutafuta tezi zilizofikiwa na saratani. Mgonjwa anayeelewa hayo hujirekebisha mwenyewe. Asiyeelewa hugeuza kichwa amtazame mtaalamu anapotoka.

Lipo jambo zito zaidi, nalo wagonjwa wengi hulinyamazia kwa adabu. Mwenye uvimbe mkubwa kwenye ulimi au kooni anaweza kukosa pumzi akilala chali. Kama nyumbani unalala umeegemea mito, au mate na damu vinakupalia usiku, usiingie kwenye chumba hicho bila kusema. Huo si usumbufu kwa wahudumu. Wanaweza kukuinua kidogo, kukusafisha kinywa kwanza, au kumwita daktari.

Sema pia kuhusu meno. Ya bandia yanayotoka yavuliwe, pamoja na hereni, mkufu na vibanio vya nywele. Meno yaliyozibwa kwa madini hayavuliki, lakini mtaalamu akijua anaweza kubadili pembe ya kichwa au kurudia sehemu hiyo mdomo ukiwa wazi, ili mng'ao wa madini usifunike uvimbe. Na kama una ugonjwa wa figo, au uliwahi kudhurika kwa dawa inayochomwa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri, sema kabla sindano haijaingia.

Kwa MRI, kulala huchukua nusu saa au zaidi, tena kwa kelele. Haina mionzi, lakini mwenye kifaa cha kusaidia moyo au chuma mwilini lazima aseme.

Wazazi wa watoto wenye uvimbe wa taya, na katika ukanda wetu saratani ya Burkitt huwapata watoto hasa hapo, wasimdanganye mtoto kwamba anakwenda kununuliwa soda. Mchezesheni nyumbani mchezo wa kulala kama sanamu. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi, na hapo maagizo ya kutokula yafuatwe saa kwa saa. Mama mwenye ujauzito asibaki ndani ya chumba cha CT-Scan, aingie mwingine.

Tunajua foleni za hospitali zetu. Tunajua pia mtaalamu mmoja huhudumia watu wengi kwa siku. Lakini picha iliyoharibika hurudiwa, na kurudia ni nauli nyingine, mionzi mingine na wiki nyingine ya kusubiri kwa mtu ambaye saratani yake haisubiri. Dakika tatu za maelezo, au karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa karibu na benchi la kusubiria, zingeokoa muda wa foleni hiyohiyo.

Na wewe mgonjwa, kama ulikohoa au ulimeza mate mashine ikipiga, sema kabla hujavaa viatu. Picha bado ziko mbele yao.