Kabla ya kwenda mnadani, fungua sanduku

Kwa kuwa ni msimu wa mavuno, wiki hii tuzungumzie nguo za watoto.

Mavuno na nguo ni ndugu wa siku nyingi. Zamani huko Uskoti, wakulima walilifunga fungu la mwisho la nafaka likawa mwanasesere wa kike, na mahali pengine wakamvisha gauni. Kwetu hapa Singe, mahindi yakishatoka shambani na mbaazi zikipata mnunuzi, anayevishwa ni mtoto. Ni haki yake. Tatizo ni fedha kuishia mnadani, halafu Januari shule zikifunguliwa, baba na mama wanarushiana maneno kuhusu sare na madaftari.

Kabla ya kwenda mnadani, fungua sanduku. Gauni la kitenge lililochanika kwapani bado lina sketi nzima ya binti wa miaka 6. Shati la baba lililochakaa kola hugeuzwa kola, au hukatwa likawa la mtoto, maana mgongo wa shati huchakaa mwisho. Gauni lililokuwa fupi huongezewa pindo la kitenge kingine.

Fumua mishono kwa wembe taratibu, usikate kwa mkasi, kitambaa kisipungue. Kifue, kipige pasi, ndipo upime. Ukitaka kujua kama ni pamba, choma uzi mmoja: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu. Ya pamba ndiyo ikae karibu na ngozi ya mtoto. Kazi ikikushinda mpelekee fundi. Ujira wake unabaki mtaani kwetu.

Kinachowakwamisha wengi ni aibu. "Mwanangu havai viraka," husema baba. Lakini mtumba tunaoununua nao ulishavaliwa na mtu wa mbali tusiyemjua. Kati ya nguo hiyo na iliyovaliwa na mama yake mzazi, ipi ya kuonea aibu?

Mwambie mtoto ukweli kwamba kitambaa kilikuwa cha mama au cha bibi, kisha mwache achague rangi ya pindo. Aliyechagua mwenyewe hatatembea ameinamisha kichwa.

Fedha iliyookolewa ihesabiwe mbele ya wote wawili, iwekwe kando kwa ajili ya sare ya Januari. Akiba haiozi.