Nywele Zimekuwa Nyepesi? Usizifunike kwa Rasta (Sehemu ya 6)



Leo naongelea nywele. Kuna atakayesema nesi kaishiwa mada. Lakini tangu niandike kuhusu damu ya mama aliyejifungua, meseji nyingi za Kibondo na Kasulu zinauliza jambo moja: nywele zinanyonyoka, pembeni pamebaki uwazi, nipake nini zijae?

Nasema msimamo wangu mapema. Nywele nyepesi hazijazwi kwa kuning'iniziwa rasta nzito au kushonewa wiving. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kugeuza tatizo la miezi michache kuwa kipara cha kudumu.

Tuanze na wewe uliyejifungua. Ukiwa na mimba, homoni zinazuia nywele zisidondoke kama kawaida, ndiyo maana zilikuwa nzito, ukasifiwa kanisani. Kila mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kujua. Mimba ikiisha, zile zote zilizokuwa zimeshikiliwa zinaachia kwa pamoja, kwa kawaida kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Unachana, kitana kinajaa, unalia. Jirani anakuambia kuna mtu kakuchezea. Hakuna aliyekuchezea, na usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo, kunyonyesha hakuna kosa hapo. Kwa wengi nywele zinarudi kabla mtoto hajatimiza mwaka au hapo hapo anapoutimiza. Nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi, kwa hiyo utaona kwanza vinywele vifupi vimesimama mbele. Viacheni!

Sasa angalia tunachofanya. Mwezi wa nne huo huo, shina likiwa dhaifu kuliko wakati wowote, unaenda kwa msusi anakubana hadi nyusi zinapanda juu. Dada, ukimeza Panadol ndipo upate usingizi baada ya kusukwa, umeumizwa. Vile vipele vyenye usaha kwenye paji na nyuma ya masikio ni shina linalolalamika. Likivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka linakufa, linabaki kovu, na hakuna mafuta ya kufufua kovu. Jambo hili si la Waafrika peke yetu. Madaktari waliliandika mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza juu ya kichwa. Lakini sisi tumezidi. Cape Town, Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipowapima wanawake watu wazima, karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na upara wa kuvutwa.

Kibaya zaidi ni dawa na rasta kwa pamoja. Umepaka dawa ya kulainisha Ijumaa, Jumamosi umesukwa. Nywele imelegezwa na kemikali halafu unaifunga mzigo. Pumzika angalau wiki mbili katikati, na ukiniuliza mimi, chagua kimoja.

Msusi akikuambia "vumilia, ikikazwa ndiyo inadumu", mwambie alegeze. Hela ni yako. Najua ni ngumu, wengine ni mashoga zetu.

Halafu kuna damu. Hapa ndipo nakasirika kidogo, maana mtu anatafuta mafuta ya kukuza nywele mtandaoni wakati kope zake kwa ndani ni nyeupe kama karatasi. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 Tanzania wana upungufu wa damu. Mwili usio na madini chuma ya kutosha unahudumia moyo na ubongo kwanza, nywele baadaye sana. Malaria, safura, mimba za karibu karibu, hedhi nzito, vyote vinamaliza damu. Ukiona nywele nyepesi pamoja na kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda kilima, au hamu ya kula udongo, nenda ukapimwe damu. Ukipewa FEFO kliniki, meza. Usizifiche kabatini (na mtoto asizifikie, ni sumu kwake). Usizimeze na chai ya rangi, chai inazuia chuma kisiingie. Ndimu au chungwa vinasaidia.

Chakula tunacho huku. Ugali wa muhogo unashibisha ila protini yake ni kidogo sana, kwa hiyo usiwe na kisamvu kitupu kila siku. Weka maragwe, weka dagaa.

Kwa mama zangu wa miaka 45 na kuendelea: unywele wenyewe unakuwa mwembamba, ni umri. Lakini ukiona uvimbe shingoni, au zinatoka kwa mabaka, au ngozi inauma, hiyo ni ya daktari. Kutaka zionekane nyingi si dhambi. Kata ncha zilizochoka, nywele fupi iliyo sawa huonekana nzito kuliko ndefu yenye mianya. Suka uzi bila kukaza, ukifumua zimenyooka na kujaa bila dawa wala moto. Au twende kilioni ya mistari minene, ya nywele zako mwenyewe. Ukivaa wigi, vaa, ila lisiwe la gundi na livue usiku.

Na watoto. Likizo ya Desemba ndiyo hiyo, shuleni walikuwa wamenyolewa, sasa nywele ni sentimita tatu na mama ameshanunua rasta. Mtoto wa miaka minne analia kwenye kiti cha msusi saa tatu nzima, tunamwambia urembo unauma. Hauumi. Mfanyie mabutu mepesi akacheze, na yule wa miezi minane mwache kabisa.

Wiki ijayo ni mapunye na mba, maana mnavichanganya. Picha za vichwa vya watoto nitumieni kwa siri, msiziweke hapa chini.