Usinitajie jina, niambie kopo lina nini

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani kwa nia njema, nikatoka na hasira. Mhubiri alikuwa ameanza vizuri, anatufundisha juu ya imani inayodumu, mpaka alipotafuta mfano. "Msiwe Wakristo wa Kichina!" akanguruma, huku akipiga mimbari kwa kiganja. "Mchina anang'aa siku ya kwanza, wiki ya pili anatoa moshi. Kuweni Bosch! Kuweni Makita!" Kanisa zima likacheka. Mama aliyekaa kando yangu akaitikia amina mara mbili. Kwenye benchi la tatu walikaa vijana wawili wa atelye ya mbao ya mtaani kwetu, Mudzipela. Hao hawakucheka. Ndio walioitengeneza mimbari ile, kwa randa ya umeme ya Kichina, na mwaka wa pili huu inapigwa makofi kila Jumapili bila kulegea hata msumari mmoja.

Sina ugomvi na mtumishi wa Mungu. Amerudia tu yanayosemwa katika mji wetu wote wa Bunia, kwenye maduka ya Boulevard de Libération, sokoni, hata msibani: ukiwa na pesa nunua jina, ukiwa maskini nunua Mchina na uanze kulia. Watu wanaamini kwamba ubora wa mashine umeandikwa ubavuni mwake kwa herufi kubwa. Nasema ni uongo, tena ni uongo unaokula dola za watu wenye dola chache.

Njooni niwaonyeshe ubora unakokaa. Pembeni mwa soko kuna mzee anayetengeneza mashine za mafundi. Hana kibao wala duka, ana meza, turubai, na kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mna sharbo, vile vipande viwili vidogo vya makaa vinavyogusa mota inapozunguka na kuipitishia umeme. Kila mashine ya waya yenye mota ya kawaida inavyo, iwe ya Stuttgart au ya Shanghai. Vinasuguliwa, vinaisha, kama sabuni. Vikiisha, mashine inarusha cheche, inakohoa, inanyamaza. Mwenye mashine anadhani imekufa. Mzee anafungua vifuniko viwili vya pembeni, anachopoa sharbo zilizobaki kama kucha, anatia kidole kwenye kopo, anatafuta zinazolingana, zikizidi unene anazisugua kwenye msasa, anazirudisha pamoja na springi zake. Dakika kumi. Mashine inalia. Unalipa, unakwenda.

Chini ya meza ana gunia la maiti: mashine zilizoungua kabisa, anazozikatakata kama mchinjaji. Hii inatoa swichi, ile inatoa gia, nyingine inatoa rulema, yaani bearing. Nilimwomba siku moja anionyeshe maiti hizo zina majina gani. Ingco, Total, na nyingine ambazo majina yake yamefutika kwa vumbi jekundu la mji wetu. Nikamuuliza, na zile za majina makubwa? Akacheka. "Papa, zile hazifii hapa. Zinalala tu kabatini kwa wenyewe, zinangoja kipande."

Mpwa wangu ni shahidi. Alinunua Kampala mashine ya kutoboa yenye jina ambalo sitalitaja, maana sitaki barua za mawakili. Alitoa dola mia moja na themanini. Alipofika nyumbani aliishika kama mtoto mchanga. "Mjomba, hii ni orijinali." Mwezi wa tatu swichi ikakatika. Swichi, ndugu zangu! Kitu cha ukubwa wa kiberiti. Mzee wa kopo akaigeuzageuza, akasema umbo lake ni la peke yake, hana. Muuzaji wa Kampala akasema ataagiza Nairobi. Nairobi wakasema tungoje. Wiki saba. Njiani kutoka mpakani Mahagi kila kizuizi kina mkono ulionyoshwa, hata swichi ya ukubwa wa kiberiti inalipiwa kama ng'ombe, lakini hayo nitayaandika siku nyingine nikiwa na nguvu. Kwa wiki saba mpwa wangu, mwenye orijinali, alitoboa kuta za wateja kwa mashine ya kuazima. Ya nani? Ya jirani. Ya wapi? Ya China.

Waswahili walimaliza zamani: fimbo ya mbali haimuui nyoka. Na nyoka wa Bunia hawana subira.

Sasa tulichunguze hilo jina lenyewe. Bosch ilizaliwa Stuttgart mwaka 1886, ni kweli, na ni ya Wajerumani mpaka leo. Lakini ina kiwanda cha mashine hizi Hangzhou. Hangzhou iko wapi, mchungaji wangu? Makita ilianza Nagoya mwaka 1915, na ina kiwanda Kunshan. Kunshan nayo si kitongoji cha Tokyo. Milwaukee, ile nyekundu ambayo vijana wakiiona kwenye simu wanameza mate wakisema Mmarekani, tangu 2005 ni mali ya kampuni ya Hong Kong. Na mafundi walioapa kwa Hitachi tangu ujana wao, waape kwa nini sasa? Mwaka 2018 mashine zile zilibadilishwa jina zikaitwa HiKOKI. Kama ubora ulikaa kwenye jina, basi siku ile ulihama usiku bila kuaga. Unamtukana Mchina asubuhi, halafu jioni unamlipa mara nne kwa sababu amevaa koti la Mzungu.

Tena hata hilo jina moja lina watoto wawili. Bosch ya kijani imetengenezwa kwa mtu wa nyumbani, anayetundika picha ya harusi. Ya buluu ndiyo ya fundi. Nimeona kwa macho yangu kijana akitoboa zege la ghorofa kwa ile ya kijani tangu asubuhi mpaka jua kuzama, akijisifu kwamba ana Bosch. Ilipoanza kunuka, alilaumu umeme.

Na wanaoabudu majina ndio wanaoibiwa kwa urahisi kuliko wote. Tembea madukani usome maboksi polepole: utakuta jina tukufu limekosewa herufi moja, na chini yake pameandikwa Ujerumani. Hakuna mwizi anayeghushi jina ambalo halina waumini.

Kuna waliojaribu kunijibu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, mtu wa vitabu, aliipima mashine ya Kichina mkononi na kutoa hukumu: "Nyepesi. Kitu kizuri kina uzito." Ndiyo hoja yao hiyo, nimeisikia mara mia. Basi nikamshauri anunue jiwe la kusagia muhogo, atoboe nalo ukuta. Mwingine akasema Wazungu wenyewe wanatumia hizo za majina. Wazungu wana duka la vipuri mwisho wa barabara, na umeme wao haupandi na kushuka kama homa. Sisi hapa mashine inakula umeme wa grupu, jenereta la jirani, na grupu hilo likiwashiwa friji linainama. Mota inayokosa nguvu inazunguka polepole, na ikizunguka polepole feni yake haipulizi, inapika waya wake yenyewe. Moto huo hausomi jina kwanza.

Nisizungumzie za betri. Au nizungumzie kidogo. Betri ya jina moja mara nyingi haiingii kwenye mashine ya jina jingine. Ukinunua moja umeoa ukoo mzima. Siku betri ikifa, na lazima ife, utafute nyingine ya ukoo uleule. Kopo la mzee halina betri hiyo. Utabaki na mwili wa plastiki wa kuchezea watoto.

Ugonjwa huu wa majina hauko kwenye mashine tu. Malori ya mbao yanatoka misitu ya Mambasa, yamebeba libuyu na mvule, yanavuka kwenda Uganda na mbele yake. Halafu tajiri wa Bunia anaagiza kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, linakuja kwenye boksi, linavimba msimu wa kwanza wa mvua, naye anaita wageni walione kwa sababu limetoka nje. Fundi wa mtaani kwake, mwenye ubao wa libuyu mkononi, anaambiwa bei yake ni kali. Akili hiyo hiyo ndiyo inayomcheka Mchina kanisani.

Mtaniuliza, basi tununue nini? Swali baya. Ulizeni kwanza, nani atakitengeneza? Mtu wa nyumbani, hesabu matundu uliyotoboa mwaka jana. Pazia, kioo, rafu ya jikoni: hayafiki ishirini. Nunua ya bei ndogo, au azima kwa jirani umrudishie na sabuni moja ya shukrani. Fundi wa kila siku, kabla ya kuingia dukani pita kwa mzee wa kopo. Mwulize ni mashine gani anazozifungua kila wiki, na ni zipi ana sharbo zake, swichi zake, rota zake. Hiyo ndiyo yako, hata kama ina jina la mbwa. Na kama kuna muuzaji wa jina kubwa aliyeweka vipuri vyake hapa hapa Bunia, anavyovitoa juu ya kaunta leo wala si "wiki ijayo, kaka", mpeni pesa zenu, nami nitamsifu. Nimemtafuta. Bado namtafuta.

Nimalizie na usiku mmoja wa mwaka jana. Fundi wa mbao katika mji huu hutengeneza vitanda na milango, lakini kila mtu wa mkoa wetu wa Ituri anajua kitu kingine anachotengeneza, na kwamba kuna miaka kimempa kazi kuliko vitanda. Ndugu walifika atelye saa moja jioni. Walikuwa na mtoto wao, mazishi yalikuwa saa tatu asubuhi. Mbao zilikuwepo. Randa ikakata roho katikati ya ubao wa pili. Yule kijana, mmoja wa wale wawili wa benchi la tatu, alikimbia na mashine kwapani hadi nyumbani kwa mzee, akamkuta anakula. Mzee alinawa mikono, akalivuta kopo kutoka chini ya kitanda, akashika tochi kwa meno. Kijana akarudi na randa inayofanya kazi, na saa mbili asubuhi kazi ilikuwa imekwisha, imepigwa msasa, haina kibanzi cha kuwachoma waliobeba.

Hakuna aliyeuliza mashine ile ni ya nani. Hakuna mama aliyefiwa anayeweza kuambiwa kipande kiko njiani kutoka Nairobi.

Mchungaji, atelye yao iko nyuma ya kanisa lako, hatua hamsini. Jumatatu hadi Jumamosi inapiga kelele, huwezi kupotea. Pita uwasalimu. Na siku ile mimbari itakapolegea, maana unaipiga sana, usiwaite Stuttgart.