Wafu wa Komanda hawana majina

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama mulio nyumbani,

Usiku wa kuamkia siku ya Mungu, tarehe 27 Julai 2025, watu walikuwa wanakesha katika sala mu kanisa ya Wakatoliki kule Komanda, Ituri. ADF wakaingia, wakaua. Tulipotoka pozi ya usiku, simu zilikuwa zimeanza kujaa habari: mara wafu 21, mara 30 na zaidi, kisha Monusco ikasema 43, watoto 9 ndani yao.

Tulifungua habari za Paris, za London, za Marekani. Maneno karibu yote ni yale yale, juu shirika moja la habari linaandika, wengine wananakili. Na jina lenye kusimama juu kabisa halikuwa Komanda. Ilikuwa Dola la Kiislamu. Msomaji wa mbali analijua jina hilo tayari, njo linamufanya afungue.

Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Miaka ine na zaidi watu walikatwa mapanga, na ule wa mbali aliambiwa tu ni vita ya mashariki. Aprili 2019 Dola la Kiislamu likatangaza ya kwamba shambulio moja la kule ni lake. Hapo njo tukaanza kuonekana. Jameni, wa mbele walikuwa hawakufa?

Paris, 13 Novemba 2015, walikufa watu 130. Gazeti Le Monde liliandika juu ya mmoja mmoja: jina, kazi, maisha yake. Hatuna wivu, walifanya vizuri. Komanda ilipata hesabu tu.

Na sisi wa sendika tunajua hesabu. Shimo likibomoka, wakubwa wanaleta hesabu, na hadi magaribi inaweza kupunguka. Njo maana tunaulizaka majina, ekipe kwa ekipe. Jina ni nguvu kulipunguza, juu iko mama nyuma yake, iko mjane.

Picha za maiti zenye kutembea mu WhatsApp tusizitume: wauaji wenyewe wanapenda zitembee, na mara ingine ni za vita ya inchi ingine. Lakini mwenye kupoteza ndugu Komanda, Beni ao Lubero, alete jina, na kazi aliyokuwa anafanya, kwa delege wa ekipe yake. Tutaomba gazeti hili liyaandike yote, hata kama yatajaza ukurasa.