Timu Ishindwe, Moyo Usishindwe

Mnamo Januari 31, 2025, Ufaransa iliilaza Wales 43-0 jijini Paris, mechi ya kwanza ya raga ya Mataifa Sita. Mashabiki wa Wales waliumia. Wanaosema huo ni mchezo tu, wanakosea. Wakati wa Kombe la Dunia la kandanda la 2006, visa vya dharura vya moyo katika eneo la Munich viliongezeka zaidi ya maradufu siku ambazo Ujerumani ilicheza.

Basi ndugu shabiki, hasa mwenye shinikizo la damu, meza dawa zako na upunguze pombe na sigara. Kifua kikikubana, usingoje kipenga cha mwisho, nenda hospitali. Mechi nyingine ipo. Moyo mwingine huna.