Mkono Uliokaza Si Mkono Wenye Nguvu

Mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na hasa mikono yake. Kliniki tunawasikia akina mama wakisema, "Huyu ana nguvu, akishika nguo yako humbandui!" Hapo inafaa tutazame vizuri.

Mtindio wa ubongo hutokana na madhara yaliyoupata ubongo unaokua, kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka yake ya kwanza. Amri za ubongo hazifiki sawasawa kwenye misuli, nayo mara nyingi hukaza yenyewe bila mtoto kupenda. Huko ni kukakamaa. Nguvu ni ile anayoitoa mtoto mwenyewe anapotaka. Mkono mmoja unaweza kukakamaa na papo hapo ukawa dhaifu.

Ndiyo maana tunapima. Penye vifaa hutumika dainamomita, chombo cha kubana kwa kiganja kinachoonyesha kilo. Kisipokuwapo, mashine ya presha husaidia: mkanda wake hukunjwa na kujazwa upepo hadi 20, mtoto akaubana, nasi tukasoma mshale umepanda hadi wapi.

Jambo kubwa ni kupima kwa namna ileile kila mara. Mtoto aketi, miguu ikanyage chini, mkono uwe karibu na mbavu, kiwiko kikunjwe kama herufi L. Abane mara 3 kwa kila mkono, akipumzika katikati. Asipimwe akiwa na homa, njaa au usingizi. Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe.

Je, asiyeweza kubana kabisa? Mpimaji hutumia mikono yake na kutoa alama, kuanzia 0 hadi 5. Mtoto asiyeweza kuinua mkono, lakini akauburuza juu ya meza, hakupata 0, amepata 2. Mama aliyekata tamaa na aisikie hiyo 2, maana ndipo pa kuanzia.

Zamani iliogopwa kwamba mazoezi ya nguvu yangezidisha kukakamaa. Utafiti umeonyesha sivyo. Basi, kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mpe mwanao kazi: akamue kitambaa chenye maji, akande unga, abebe kikombe kwa mikono miwili. Kiganja kilichokaza usikivute kwa nguvu, kifungue taratibu.

Tena kilo peke yake haitoshi. Tujiulize: je, sasa anashika kijiko? Anavuta shati lake mwenyewe? Mkono wenye nguvu usiopewa kazi haumsaidii mtoto. Na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na daftari lake la miezi 3 iliyopita. Badiliko dogo ambalo macho ya nyumbani hayalioni, daftari hulionyesha, na mama hupata moyo wa kuendelea.

Katika Marko sura ya 3 tunasoma habari za mtu mwenye mkono uliopooza. Kabla ya kumponya, Yesu alimwita asimame mbele ya watu wote. Mama, usimfiche mwanao chumbani. Mlete kliniki, mlete kanisani, naye apewe kazi ya kufanya kwa mikono hiyohiyo.